Iliki ya Mama Imekwama Bandarini

Wiki jana mliniacha makaburini, udongo umejaa kwenye kucha. Tumemzika mama yangu, Lulwa, na watu wakanishika bega mmoja mmoja wakiniambia nina subira. Sikuwa na subira. Nilikuwa na ganzi. Sikulia pale kaburini wala nyumbani, na mpaka leo ninapowaandikia sijalia.

Kwa uliyekosa gazeti la wiki jana, mambo yenyewe ni haya. Mama alikuwa Mkuwaiti. Baba alikuwa Msiria wa Latakia, naye alitangulia zamani. Mimi, Hazim, ndiye mtoto wao wa pekee. Nimezaliwa Kuwait, nimesoma Kuwait, meno yameniota na kuanza kung'oka nikiwa Kuwait. Lakini uraia hapa hufuata baba, kwa hiyo mimi ni mgeni.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimekaa ugenini umri wangu wote, na jembe sijapewa.

Kazi yetu ni kuingiza iliki kutoka Guatemala. Bila iliki, kahawa ya hapa ni maji machungu tu. Na sheria inasema mgeni asizidi hisa arobaini na tisa kwa mia katika kampuni. Hamsini na moja lazima ziwe za mwananchi. Mwananchi wetu alikuwa mama. Alipokata roho, kampuni nayo ilikata.

Siku tuliyoanua matanga, Mahrus alinipigia simu. Mahrus ni wakala wetu wa forodha, Mmisri wa Damietta, mtu ambaye hata msibani hakosi la kuchekesha.

"Shehe wangu, pole tena. Kontena limefika bandari ya Shuwaikh."

"Alhamdulillahi. Litoe."

"Nilitoe vipi? Leseni imefungwa. Nimeingiza namba ya kampuni, mashine inanijibu mwenye kampuni amefariki."

"Kwenye kampuni na mimi pia nimo."

"Wewe ni arobaini na tisa. Arobaini na tisa haitoi kontena, shehe wangu. Haitoi hata toroli."

"Mimi ndiye mrithi, Mahrus. Hana mtoto mwingine."

"Kwa Mwenyezi Mungu, zote zako, hakuna ubishi. Kwa wizara, ukizishika wewe kampuni inakuwa ya mgeni mtupu. Na mgeni mtupu haruhusiwi kuingiza hata pipi. Tafuta mwananchi aandikwe mahali pa mama."

"Nitampata wapi mtu wa mahali pa mama?"

Mahrus akanyamaza. Sijawahi kumsikia Mahrus akinyamaza.

"Tafuta," akasema mwishowe. "Kontena limewekwa juani. Iliki ikipauka utamuuzia nani? Ngamia?"

Nilikata simu nikabaki nimeketi pale ofisini. Nilijua natakiwa kuogopa. Niliisubiri hofu ije, haikuja.

Kabla sijainuka, simu ikalia tena. Safari hii ilikuwa Guatemala. Don Anselmo, mzee anayetuuzia iliki, hajui lugha yoyote ila ya kwao, kwa hiyo binti yake Marisol ndiye hutusemea. Enzi za mama hakukuwa na haja ya Marisol. Mama alikuwa akipiga kelele kwa Kiarabu, mzee anapiga kelele kwa Kihispania, wanagombana bei, wanacheka, na mzigo unafika.

"Baba anauliza mama yuko wapi," Marisol akasema. "Kila meli ikifika yeye hupiga. Safari hii hajapiga."

Nikamwambia.

Nikasikia anatafsiri, kisha sauti ya mzee ikisema maneno machache taratibu.

"Baba anasema amevua kofia. Anasema mama yako alikuwa mwizi wa bei, na kwamba atamkumbuka."

"Mwambie ahsante."

"Na anauliza, mzigo unaofuata autume kwa nani?"

"Asubiri kidogo."

"Kaka, kuna watu wa nchi jirani yenu wametupigia. Wanasema kwao sheria imegeuzwa, mgeni siku hizi anamiliki kampuni nzima, hakuna mtu akifa mlango ukafungwa. Baba hataki kuwauzia. Lakini wavunaji wanataka ujira wao."

Hapo ningepaswa kubembeleza. Ningepaswa kuapa, kuahidi, kutaja jina la mama. Nilisema, "Sawa."

Nawaambia ukweli, ndugu zangu. Mtu anatunga sheria akiwa kwenye kiti chake hapa mjini, na mkulima mlimani, upande wa pili wa dunia, anakosa wa kumpelekea gunia. Naye hajui hata waziri wetu anaitwa nani.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mke wangu, Wadha, jikoni anapakua wali wa nyama uliobaki matangani. Wadha ni binti wa mjomba wangu, damu ya mama kabisa, Mkuwaiti baba na mama. Anafundisha shule ya serikali. Tuna mtoto mmoja, Dana, anasoma chekechea. Na Dana, kwa kuwa mimi ndiye baba yake, ni mgeni tangu tumboni.

Nikamweleza habari za kontena. Hakumaliza hata kupakua.

"Niandike mimi," akasema.

"Wewe mtumishi wa serikali. Mtumishi wa serikali haandikwi kwenye leseni."

"Nitaacha kazi."

"Mpaka wakukubalie, iliki itakuwa majani makavu."

"Basi nenda kwa baba."

"Baba yako hakunipa hata salamu makaburini."

"Alikusalimia, baba Dana. Alikusalimia akakukumbatia. Wewe ndiye hukusikia. Siku ile hukumsikia mtu."

Nikachukua kijiko nikaanza kula. Wali haukuwa na ladha, au mimi sikuwa na ulimi.

"Unanisikia hata mimi?" akauliza.

"Nakusikia."

"Unanisikia, au masikio yako wazi tu?"

Nikaendelea kula. Akaniwekea nyama iliyobaki kwenye sahani yangu, akasema kwa upole, "Nenda kwa baba. Muombe. Na yeye akiwa na neno lake, msikilize."

Nikaenda.

Mjomba Barrak ni mstaafu wa zimamoto. Baraza yake hujaa wazee wenzake kila jioni, wanakunywa kahawa na kuwasuta watu wa serikali wasiokuwepo. Mjomba na baba yangu hawakuwahi kupatana. Alimpinga mama kuolewa na Msiria, mama akaolewa, na wakakaa muda mrefu bila kusemezana, kaka na dada wa ziwa moja.

Niliingia, nikatoa salamu, nikaketi zuliani. Mhudumu akanimiminia kahawa. Nikapokea kikombe, nikakiweka chini mbele yangu bila kukigusa kwa midomo.

Baraza yote ikatulia. Kwetu, mgeni akiweka kikombe chini, ana haja kubwa. Mwenye nyumba akimwambia "kunywa", haja imekubaliwa, na neno hilo halirudi nyuma. Watu wameuza farasi kwa neno hilo, wamesamehe damu kwa neno hilo.

Mzee Jasim, rafiki wa mjomba na mcheshi wa baraza, akacheka. "Barrak! Mwana wa Lulwa kaweka kikombe. Mwambie anywe, kahawa inapoa."

"Mimi si mjinga wa kumwambia mtu anywe kabla sijajua anataka nini," mjomba akasema, na watu wakacheka. "Sema, Hazim."

Nikasema. Niliyasema yote bila kupamba: hisa hamsini na moja, leseni kufungwa, kontena juani. Nilisikia sauti yangu kama mtu anayesomewa tangazo la barabara.

"Kwa hiyo unataka niwe Lulwa," mjomba akasema.

"Nataka uandikwe tu, mjomba. Mali itabaki kuwa yangu kwa haki, na jina liwe lako kwa sheria."

"Nikiandikwa, kesho nikikugeuka utanifanya nini? Jina litakuwa langu."

"Hakuna nitakachokufanya."

"Na bado umekuja."

"Sina mwingine."

Mzee Jasim akadakia. "Lakini Barrak, iliki hii tunayokunywa si ya kwao? Ukimkatalia huyu, mwezi ujao tutakunywa maji ya kuoshea masufuria!"

Watu wakaangua kicheko. Mjomba hakucheka. Alinitazama kwa muda, macho yake ni yale yale ya mama, nami nikatazama pembeni.

"Kunywa," akasema. "Nitakwenda wizarani niandikwe. Na faida yako siitaki, hata tende moja. Lakini kesho asubuhi, kabla ya wizara, nitapita kwako nyumbani."

Nikanywa. Kahawa ilikuwa imepoa kabisa. Wazee wakanipongeza, Jasim akanipiga mgongoni. Nilipompigia simu Mahrus, alipiga kigelegele cha kike, mtu mzima na ndevu zake.

"Mjomba ni mzazi, shehe wangu! Kesho akitia sahihi, kontena naliburuta mwenyewe kwa meno!"

"Vizuri," nikasema.

"Vizuri tu? Huyu mtu hana hata asante!"

Alisema kweli. Nilikuwa nimeokolewa, na nilijisikia kama mtu aliyemezeshwa dawa ya mgonjwa mwingine.

Asubuhi yake Wadha aliamka kabla yangu. Alimpeleka Dana chekechea, akarudi, akafagia sebule, akafukiza udi, akachemsha kahawa. Hakwenda kazini. Nilimuuliza kama anaumwa, akasema hapana. Sikuuliza zaidi. Sasa najiuliza kwa nini sikuuliza zaidi.

Mjomba alikuja na watu wawili: mzee Jasim, na Mulla Fahad, yule aliyetufungisha ndoa mimi na Wadha. Nikadhani ni mashahidi wa mambo ya hisa. Nikafurahi, au nikasema moyoni kwamba hapa mtu hufurahi.

Nikalichukua dele la kahawa jikoni mikononi mwa Wadha, nikawamiminia mwenyewe. Mulla akanywa. Jasim akanywa, na kwa mara ya kwanza hakusema mzaha wowote. Mjomba akapokea kikombe chake, akakiweka chini.

Mbele yangu. Nyumbani kwangu.

Nikawaza, mjomba anataka fungu lake, amelala amebadili mawazo. Achukue. Achukue hata nusu. Mtu aliyenisitiri jana mbele ya wanaume, mimi leo nimwache na kikombe chini kama ombaomba? Mama asingekubali hilo kaburini mwake.

"Kunywa, mjomba," nikasema. "Umepewa, hata hujasema."

Mulla Fahad akainua mkono. "Taratibu, mwanangu. Msikilize kwanza."

"Sina haja ya kusikiliza. Jana aliniambia kunywa. Leo namwambia kunywa."

Jasim akainamisha kichwa akatazama zulia. Mjomba akanitazama, nikaona mdomo wake unacheza kidogo. Kisha akachukua kikombe, akanywa mpaka tone la mwisho, akakitikisa kuonyesha ametosheka.

"Mpe Wadha talaka," akasema.

Ndugu zangu, mimi nilisikia vizuri. Nilisikia hata friji ikinguruma jikoni.

"Mjomba?"

"Mpe binti yangu talaka. Talaka isiyo na rejea."

"Nimemkosea nini?"

"Hujamkosea. Wewe ni mume mwema, nami nilijua utakuwa mume mwema, ndiyo maana sikukunyima binti." Akavuta pumzi. "Mama akiwa mwananchi na ameachwa kabisa, mtoto wake anaweza kuombewa uraia. Maadamu yuko kwa mume mgeni, hakuna karani atakayefungua hata jalada la Dana."

"Anaweza kuombewa. Atapewa?"

"Sikusema atapewa. Nimesema anaweza."

"Kwa hiyo nivunje nyumba yangu kwa sababu ya 'anaweza'."

"Nilimwambia Lulwa maneno haya haya," mjomba akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imepanda. "Ulikuwa mdogo kuliko Dana. Nilimwambia, achana na Msiria huyu kwa ajili ya mtoto. Akanifukuza nyumbani kwake na viatu mkononi. Alimpenda mume wake, haya, alimpenda. Na jana wewe, mwanamume mzima, umeketi zuliani kwangu kuniomba kitu ambacho ni chako. Dana naye aje kuketi zuliani kwa nani? Mimi nitakuwa nimeshakufa, Hazim. Nani atamwambia kunywa?"

 

Nikamgeukia Mulla Fahad. "Hivi haiwezi kuwa ya karatasi tu? Tukaandika, tukapeleka, tukaendelea kuishi humu?"

"Talaka haina ya karatasi, mwanangu. Haina mzaha. Ukitamka imepita. Na hiyo inayotakiwa hapa ni tatu, unajua maana yake. Hamrudiani mpaka aolewe na mwingine, akaachika."

"Na mimi?"

"Utakuwa baba wa mtoto. Utamwona Ijumaa."

Hapo nikauliza swali ambalo nitaona haya mpaka nife. Nyumba inabomoka juu ya kichwa changu, nami nikauliza, "Na iliki?"

Mzee Jasim akafunga macho.

"Iliki nilikwisha kukupa jana," mjomba akasema taratibu. "Sikuifunga na hili. Nikitoka hapa nakwenda wizarani, ukubali ukatae. Kontena lako litatoka. Mimi si mfanyabiashara wa binti yangu."

"Nikikataa?"

"Ukikataa, umekataa. Utakuwa umesema kunywa, nikanywa, ukalirudisha neno. Sitakusema popote. Hawa nao hawatakusema. Utajua wewe."

Ingekuwa rahisi kama angenitisha. Ningesimama, ningepaza sauti, ningemtoa nje na viatu mkononi kama alivyofanya mama. Lakini mzee wa watu alikuwa ameketi mbele yangu, mikono imetulia magotini, ananionea huruma. Mtu anayekuonea huruma huwezi kumpiga ngumi.

"Huwezi kuniomba mke wangu bila yeye kujua," nikasema. Nilijisikia nimepata kamba ya kushika. "Ni mtu, si gunia. Ana kinywa chake. Tumuite tumuulize. Akisema hataki, neno langu na life, na aibu niibebe mimi."

Mjomba akamtazama Mulla. Mulla akatazama mlango wa jikoni.

"Wadha!" nikaita. "Njoo. Baba yako ana maneno."

Akaja. Alikuwa amevaa baibui lake jeusi, lile la kutokea, na shungi amelifunga sawasawa. Hakukaa. Alisimama karibu na mlango, mbele ya wanaume watatu na mimi.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Nimesikia."

"Mwambie basi. Mwambie baba yako kwamba sisi hatuachani."

Wadha alikuwa mkavu wa uso.

"Hazim," akasema. Si baba Dana. Hazim. "Baba hakuja na ombi lake. Alikataa, nikamlilia mpaka akakubali. Nilimtuma mimi."

Nikasikia Jasim akisema *la ilaha illa Allah* chini ya pumzi.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu siku tuliyomlaza mama hospitali. Nilikuwa naandikisha jina la Dana mapokezi ili aruhusiwe kumwona bibi yake, karani akaniuliza, mtoto ni raia wa wapi? Dana akajibu kabla yangu. Akasema, Kuwait. Karani akacheka."

"Unanipenda?"

Sijui kwa nini niliuliza mbele ya baba yake. Kwetu mtu haulizi hivyo mbele ya baba mtu.

"Ingekuwa sikupendi," akasema, "ningeomba zamani."

Mulla Fahad akajisogeza mbele, akakunja magoti, kama alivyoketi siku ile ya ndoa. Mjomba akajifunika macho kwa kiganja. Wadha akatazama saa ya ukutani, kisha akanitazama mimi, na akasema kwa sauti ile ile anayotumia anaponiomba nipitie mkate:

"Dana anatoka chekechea saa sita. Ningependa akirudi liwe limekwisha."

Mjomba akaondoa kiganja machoni, na wote wanne wakanitazama.

Nikafungua kinywa.